Kwa Nini Siku Moja Tunapiga Kura kwa Hesabu Mbili

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri katika ukumbi wa chini wa kanisa moja hapa Portland, Maine, mbele ya ndugu wa Kongo, Burundi, Rwanda, Kenya na Tanzania. Theluji iliwazuia wengi wa Lewiston waliokuwa wameahidi kuja, kwa hiyo nayaweka hapa yote kama yalivyosemwa. Nimeondoa tu zile picha za ukutani, na utani wa mwanzo ambao ulikuwa wa waliokuwapo.

Wazee wangu, akina mama, ndugu zangu, na ninyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kuja katika baridi hii.

Naanza na swali ambalo si langu. Ni la mama mmoja wa Bujumbura niliyemsindikiza kituoni Lewiston tarehe 8 Novemba 2022, katika uchaguzi wake wa kwanza tangu ale kiapo cha uraia. Mama huyu hasomi Kiingereza, na sheria ya nchi hii inamruhusu mpigakura wa namna hiyo kumchagua mtu wa kumsaidia, alimradi mtu huyo asiwe mwajiri wake wala wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Akanichagua mimi. Tukasimama pamoja kwenye kijimeza chenye kuta tatu, nikaanza kumsomea. Kwa ugavana kulikuwa na wagombea watatu, naye alitakiwa kujaza kiduara kimoja tu. Kwa ubunge wa Marekani nako kulikuwa na wagombea watatu, lakini huko kila jina lilikuwa na mstari wa viduara: chaguo la kwanza, chaguo la pili, chaguo la tatu. Mama akatazama huku, akatazama kule, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, hawa wananiuliza mara tatu, na wale mara moja tu. Kwani kwa gavana hawataki kujua?"

Sikumjibu pale, kwa sababu msaidizi kituoni husoma, haelezi siasa. Nimekuja kumjibu leo, naye yuko hapa mstari wa pili, na ameniahidi kwamba nikimjibu vibaya atasimama.

Kwa nini siku moja, kituo kimoja, mkono mmoja, lakini hesabu mbili?

Jibu linaanzia mbali kuliko mnavyodhani. Zamani Katiba ya jimbo hili ilimtaka gavana apate zaidi ya nusu ya kura zote, na asipopatikana wa namna hiyo, uamuzi uliingia mikononi mwa Bunge la jimbo, kule Augusta, makao makuu ya jimbo. Wakati vyama vilikuwa viwili, sharti hilo halikumsumbua mtu sana. Kisha kikaja chama cha tatu, Greenback, chama cha wakulima na wafanyakazi waliotaka serikali iendelee kutoa noti za karatasi ili fedha zisiwe adimu. Katika uchaguzi wa Septemba 1878, gavana aliyekuwa madarakani, Selden Connor wa Republican, aliongoza lakini hakufika nusu. Joseph Smith wa Greenback akawa wa pili. Alonzo Garcelon wa Democrat, daktari aliyewahi kuwa meya wa Lewiston, mji huohuo wa mama yetu, akawa wa tatu, akiwa na chini ya robo ya kura.

Sasa sikilizeni Bunge lilivyofanya. Baraza la Wawakilishi, ambako wapinzani wa Connor walikuwa wengi, lilikuwa na kazi ya kupeleka majina mawili Seneti. Likapeleka la pili na la tatu. La kwanza likaachwa. Seneti, iliyokuwa ya Republican, ikajikuta inachagua kati ya watu wawili ambao wote haikuwataka, ikamchukua yule iliyemwona ana nafuu. Wa kwanza kaachwa nje, wa pili kakataliwa, wa tatu kaapishwa! Je, kuna mtu humu ndani ambaye angempelekea babu yake habari hiyo kijijini, babu akaamini kwamba hapa palipigwa kura?

Mwaka uliofuata mambo yakawa mabaya zaidi. Safari hii pia hakuna mgombea ugavana aliyefika nusu, na Garcelon pamoja na baraza lake, waliokuwa na kazi ya kuhakiki matokeo ya wabunge, wakayakataa matokeo ya miji kadhaa kwa dosari za maandishi, mpaka wingi wa viti bungeni ukahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Januari 1880 Augusta ilijaa watu wenye silaha, kila upande ukidai kwamba Bunge halali ni lake. Aliyeitwa kulinda amani ni Joshua Chamberlain, jenerali aliyepata sifa katika mapigano ya Gettysburg mwaka 1863, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliyekuwa ameshakuwa gavana na wakati huo akiongoza chuo cha Bowdoin. Alikataa kuligeuza jengo la Bunge kuwa kambi ya askari, na inasimuliwa kwamba kundi lililokuja kumtishia maisha lilimkuta amesimama ukumbini, akafungua koti lake na kuwaambia anayetaka kumuua aendelee. Hakuna aliyeendelea. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua Bunge halali ni lipi, Daniel Davis wa Republican akaapishwa kuwa gavana, na Chamberlain akarudi kwa wanafunzi wake.

Mwezi Septemba wa mwaka huohuo wananchi wakaibadilisha Katiba. Tangu hapo gavana hahitaji tena nusu; anahitaji wingi wa kura tu, yaani kura nyingi kuliko za kila mwingine. Mama yangu, kile kiduara kimoja ulichokiona upande wa ugavana kimetoka hapo. Hakikuwekwa na watu waliotaka kukunyima usemi. Kiliwekwa na watu waliokuwa wamechoka kuona kura zao zikienda Augusta na kurudi na gavana wasiyemchagua.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu katika mijadala ya siku hizi nawasikia watetezi wa mabadiliko ya upigaji kura, na mimi ni mmoja wao, wakizungumza kana kwamba kanuni ya zamani ilitungwa na wajinga. Si kweli. Ilikuwa dawa ya ugonjwa wa wakati wake.

Lakini dawa nayo ina madhara yake. Mwaka 2010 Maine ilimchagua gavana mpya. Paul LePage wa Republican alipata kama asilimia 38, Eliot Cutler, mgombea binafsi, asilimia 36, na Libby Mitchell wa Democrat asilimia 19. Kwa Katiba ya 1880 mambo yaliishia hapo, LePage ni gavana. Sisemi kwamba hakushinda, maana alishinda kwa kanuni iliyokuwepo. Nauliza tu: wale watu sita katika kila kumi ambao hawakumpa kura, ni nani aliyewauliza kama wangempendelea yeye au yule wa pili?

Sisi tuliokulia Kenya swali hilo tunalijua kwa uchungu. Nilikuwa kijana Mombasa mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi. Upinzani uligawanyika kati ya Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, na Rais Moi akarudi Ikulu kwa kama asilimia 36. Baba yangu alikuwa na redio ndogo ya betri, na usiku ule aliizima kabla ya taarifa kwisha, akasema kwamba wametuletea vyungu vitatu jikoni lakini unga ni wa chungu kimoja. Katiba ya 2010 ya Kenya ikaja na sharti la nusu jumlisha moja, pamoja na duru ya pili ikibidi, kwa sababu watu walikuwa hawajausahau usiku ule.

Na ndugu zangu wa Kongo, ninyi mmeipita njia hiyo kwa kurudi nyuma. Mwaka 2006 mlikuwa na wagombea urais 33, na karatasi za ubunge kule Kinshasa zilikuwa kubwa kama gazeti, mtu anaifungua kibandani kama anayetandika kitambaa cha meza. Lakini mlikuwa na duru ya pili, na mliipiga Oktoba mwaka ule. Januari 2011, miezi michache tu kabla ya uchaguzi uliofuata, wabunge na maseneta wa Kinshasa waliifuta duru ya pili katika Katiba. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018 Tume ya uchaguzi ikamtangaza mshindi wa urais kwa asilimia 38.57. Matokeo hayo yana ubishi wake mzito, ambao leo hatuumalizi humu, lakini hata mtu akiyakubali kama yalivyotangazwa, bado atauliza habari za ile asilimia 61 iliyobaki.

Asilimia 38 Maine. Asilimia 36 Kenya. Asilimia 38 na nusu Kongo. Namba zinafanana kuliko nchi zenyewe zinavyofanana.

Basi watu wa Maine walifanya nini? Hawakutaka duru ya pili ya siku nyingine, yenye gharama nyingine, na baridi nyingine. Walitaka duru ya pili iliyofichwa ndani ya duru ya kwanza, ndiyo tunayoiita kura ya kupanga. Unawapanga wagombea siku ileile: huyu wa kwanza, huyu wa pili, huyu wa tatu. Akipatikana mwenye zaidi ya nusu, kazi imekwisha. Asipopatikana, wa mwisho anaondolewa, na karatasi za waliompenda zinakwenda kwa chaguo lao linalofuata, mpaka mmoja apite nusu. Portland hapa ilishaijaribu mwaka 2011, ilipomchagua meya kwa kura za wananchi kwa mara ya kwanza tangu 1923. Wagombea walikuwa 15, na mji haukuanguka. Novemba 2016, kwa kura ya maoni, jimbo zima likaikubali kwa kama asilimia 52.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi, kwa maana hapa ndipo Bunge linapoingia.

Seneti ya jimbo iliiomba Mahakama Kuu ushauri. Mei 2017 majaji wote wakajibu kwa sauti moja: kwa uchaguzi mkuu wa gavana, maseneta na wawakilishi wa jimbo, kura ya kupanga inagongana na maneno "wingi wa kura" yaliyomo katika Katiba. Kwa uchaguzi wa awali wa vyama, na kwa viti vya Bunge la Marekani, hawakuulizwa, na Katiba ya jimbo haina neno hilo huko. Mama, hilo ndilo jibu lako kwa ufupi. Kwa mbunge wa Washington wanakuuliza mara tatu kwa sababu sheria ya 2016 inaruhusu. Kwa gavana wanakuuliza mara moja kwa sababu Katiba ya 1880 inazuia. Na kejeli yake ni kwamba ugavana ndio uliozaa mageuzi haya, na uchaguzi mkuu wa gavana ndio usioguswa nayo.

Je, Bunge lingefanya nini? Lilikuwa na njia tatu zilizo wazi. Lingeweza kuibadilisha Katiba, jambo linalohitaji theluthi mbili ya kila chumba na kisha kura ya wananchi. Lingeweza kuiacha sheria ifanye kazi pale isipogongana na Katiba. Au lingeifuta waziwazi na kubeba lawama. Oktoba 2017, katika kikao maalumu, lilichagua njia ya nne: liliahirisha sheria nzima mpaka Desemba 2021, hata sehemu ambayo Mahakama haikuigusa, na kuongeza kwamba Katiba isipokuwa imebadilishwa kufikia hapo, sheria yote itakufa yenyewe. Katiba hiyo ni nani mwenye uwezo wa kuanzisha mabadiliko yake? Bunge. Wananchi wa Maine wanaweza kuanzisha sheria kwa saini, lakini hawawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba. Kwa maneno mengine, Bunge lilisema: tutaiua sheria hii iwapo sisi wenyewe hatutaiokoa.

Wahenga wana neno la hali hiyo: kesi ya nyani umempelekea ngedere. Karatasi ya kura ndiyo iliyomweka kila mbunge kwenye kiti chake. Unapomuuliza kama karatasi hiyo ibadilike, unamuuliza kama ngazi aliyopandia ing'olewe. Sisemi ni watu wabaya. Wengine walisimama wakaeleza wasiwasi wao wa kweli kuhusu Katiba na gharama, na wasiwasi huo una uzito. Nasema tu kwamba hakimu mwenye maslahi katika kesi anahitaji watu wengi ukumbini wakimtazama.

Na watu walimtazama. Maine ina kitu kinachoitwa kura ya turufu ya wananchi: sheria iliyopitishwa na Bunge inasimamishwa iwapo ndani ya siku 90 zitapatikana saini za kutosha, na mwaka ule zilihitajika zaidi ya 61,000. Siku 90 zenyewe zilikuwa za Novemba, Desemba na Januari! Nilikuwa nikitoka zamu ya usiku hospitalini, nakofanya kazi ya ukalimani, na mlangoni pa duka la vyakula nilimkuta bibi mmoja mwenye nywele nyeupe, amevaa glovu zilizokatwa vidole ili aweze kuwashikia watu kalamu. Wino ulikuwa unaganda. Alikuwa amezitia kalamu mbili kwapani zipate joto, akawa anazibadilisha kama mama anayebadilisha chapati kwenye kikaango. Nilimwambia kwamba mimi si raia bado, siwezi kusaini. Akaniambia basi nisimame hapo kidogo nimkinge upepo. Nikasimama kama dakika kumi.

Saini zilitosha. Tarehe 12 Juni 2018 kikatokea kitu ambacho sijui kama kimewahi kutokea kwingine: wapigakura wa Maine waliwapanga wagombea wa vyama vyao kwa kura ya kupanga, na siku hiyohiyo wakaulizwa kama wanataka kura ya kupanga iendelee. Democrat walikuwa na wagombea ugavana saba, na Janet Mills akapatikana baada ya duru nne za kuhesabu. Wakati huohuo asilimia 54 ya wapigakura waliikataa sheria ya Bunge. Walipika na kuonja katika sufuria moja.

Sasa tuje kwenye mtihani wenyewe, Novemba 2018, Wilaya ya Pili ya uwakilishi katika Bunge la Marekani, yenye Lewiston, Bangor na misitu yote ya kaskazini. Mbunge aliyekuwepo, Bruce Poliquin wa Republican, alipata kura 134,184 za chaguo la kwanza. Jared Golden wa Democrat, kijana wa Lewiston aliyetoka jeshini na aliyekuwa katika uongozi wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, alipata 132,013. Wagombea binafsi wawili, Tiffany Bond na Will Hoar, waligawana zaidi ya 23,000. Kwa hesabu ya 1880, Poliquin angerudi Washington kwa tofauti ya kura kama 2,200, na wale watu 23,000 tungewaambia asanteni kwa kuja.

Kwa hesabu mpya, kura zilisafirishwa chini ya ulinzi kutoka miji yote mpaka Augusta, na kazi ikafanywa hadharani, watu wakitazama. Walipoondolewa Bond na Hoar, wafuasi wao waliokuwa wamemweka Golden mbele ya Poliquin walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale waliofanya kinyume chake. Golden akafika 142,440, Poliquin 138,931.

Poliquin alikwenda mahakama ya shirikisho kudai kwamba hesabu hiyo inavunja Katiba ya Marekani na inawapa baadhi ya watu kura mbili. Jaji Lance Walker alimkatalia mwezi Desemba. Hoja ya kura mbili mtaisikia tena na tena, kwa hiyo ijueni. Katika kila duru kila karatasi ina sauti moja. Aliyempenda Poliquin tangu mwanzo, karatasi yake ilihesabiwa kwa Poliquin duru ya kwanza na ikahesabiwa tena kwa Poliquin duru ya mwisho. Aliyempenda Bond, karatasi yake ilihesabiwa kwa Bond, kisha kwa aliyefuata. Nani hapo amepata zaidi ya mwenzake?

Gavana LePage hakuridhika. Kabla ya kuondoka madarakani alitia saini hati ya ushindi wa Golden, kwa kuwa ni wajibu wake, lakini kando ya saini yake akaandika kwa mkono kwamba uchaguzi umeibwa. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Mimi nimetoka mahali ambapo mwaka 1988 niliwaona wazee wakipangwa foleni nyuma ya picha za wagombea, mlolongo, mchana kweupe, chifu akitazama nani amesimama wapi, na foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu. Najua kura iliyoibwa inavyofanana. Haifanani na watu walioketi kwenye meza Augusta wakihesabu mbele ya wote.

Lakini sitawadanganya kwamba mageuzi haya hayana kasoro. Katika hesabu ile ya 2018, zaidi ya karatasi 8,000 za wafuasi wa Bond na Hoar hazikufika duru ya mwisho, kwa sababu wenyewe hawakumpanga Golden wala Poliquin. Wengine walifanya hivyo kwa hiari yao, na hiyo ni haki yao. Wengine hawakuelewa. Mama yetu hapa mwaka 2022 alimjazia mgombea mmoja viduara vya safu zote tatu. Nilipomuuliza kama hivyo ndivyo anavyotaka, aliniambia amempa zote ili ajue kwamba anampenda kweli. Nikamweleza kwamba hesabu itamwona mara moja tu, na mgombea wake akiondolewa karatasi haitakuwa na pa kwenda. Akacheka, akasema iache hivyohivyo, yeye si mtu wa kuhamahama. Sawa, huyo alielezwa akaamua. Je, wangapi hawakuelezwa? Ukijaza viduara viwili katika safu moja, yaani ukiwapa wagombea wawili nafasi moja, karatasi inaishia hapo. Ukiruka safu mbili mfululizo, inaishia hapo. Sheria ya shirikisho inayolazimisha karatasi za lugha nyingine inawahusu wasemaji wa Kihispania, wa lugha za Asia, na wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Kiswahili hakimo, Kisomali hakimo, Kifaransa cha bibi za wenyeji wa Lewiston hakimo.

Wale wanaosema kwamba karatasi hii ni ngumu, mimi siwacheki. Ni ngumu kidogo. Nasema tu kwamba wazee wetu Tanzania walipiga kura kwa jembe na nyumba tangu 1965, alama mbili zikasimama badala ya majina ili asiyesoma asikose, na hakuna aliyesema demokrasia ingojee mpaka wote wajue kusoma. Ugumu wa karatasi unatibiwa kwa kuwafundisha watu na kwa kuichora vizuri.

Wala msidhani ni mali ya chama kimoja. Mwaka 2020 Seneta Susan Collins wa Republican alishinda kwa karatasi hiyohiyo, akapita nusu katika hesabu ya kwanza, na hakuna aliyehitaji kuhesabu tena. Mabunge ya Florida na Tennessee yaliipiga marufuku mwaka 2022. Alaska iliipokea, ikaipigia kura ya kuifuta mwaka 2024, na ikabaki kwa tofauti ya kura zisizofika 1,000. Mjadala haujaisha popote, na Augusta hautaisha mpaka lile neno la 1880 lipatiwe jibu.

Nimalizie na sisi. Najua wengi humu mmekuja na kiangazi kile cha 2019, mkalala kwenye vitanda vya kukunja katika ukumbi wa Expo hapa Portland, mkiwa mmetoka Kongo na Angola kwa njia ya misitu. Kesi zenu bado. Asiye raia asijiandikishe kupiga kura, hata karani akimpa fomu kwa makosa, hata rafiki akimwambia haina neno, kwa sababu kosa hilo moja linaweza kuifunga njia yote ya ukaazi. Hilo nalisema kwa herufi kubwa.

Lakini kuna mlango ambao hauulizi uraia. Miswada ya uchaguzi hupelekwa kwenye kamati ya Mambo ya Wanajeshi Wastaafu na Sheria, yenye maseneta watatu na wawakilishi kumi, na kamati huitisha kikao cha kuwasikiliza watu. Anayetaka kusema anajiandikisha, anafika mbele, anataja jina lake na mji anaoishi, anasema. Muda huwa kama dakika tatu. Unasema unaunga mkono, au unapinga, na wana mlango wa tatu unaonipendeza sana, wa wale wasiounga mkono wala kupinga, waliokuja kueleza tu. Mwishoni kamati inaandika kwamba muswada unafaa kupita au haufai, na ikigawanyika inapeleka taarifa zote mbili.

Nimekalimani katika vikao hivyo. Nimemwona mvuvi wa kamba wa pwani, buti bado zina chumvi, akisema dhidi ya kura ya kupanga kwa dakika mbili na nusu, bila karatasi, na akimaliza kwa kuwauliza wajumbe kama wao wenyewe wanaweza kumweleza bibi yake jinsi inavyohesabiwa. Mjumbe mmoja alijaribu, akakwama katikati. Ukumbi mzima ukacheka, na mjumbe akacheka pia. Nilikubaliana na mjumbe, lakini siku ile mvuvi ndiye aliyeshinda, na tangu hapo kila ninapoieleza kura hii naanza na bibi yake.

Kwa hiyo tangazo la kikao kijacho likitoka, nitalituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Gari langu lina viti sita mbali na cha dereva, na kimoja ameshakichukua mama wa mstari wa pili, ambaye anasema swali lake atalirudia mwenyewe, kwa Kirundi, na mimi nikalimani. Vimebaki vitano. Tunaondoka saa moja asubuhi kutoka uwanja wa magari wa kanisa hili, na anayetaka kusema aandike maneno yake mapema, yasizidi ukurasa mmoja, ili nisije nikakatwa na kengele katikati ya sentensi yake.